Hendsfrii kwenye redio iliyokuja na gari (Fielder NZE141): waya za spika, myuti na betri

nahodha_barani

Assalam aleikum, na habari zenu nyote.

Gari ni Toyota Fielder NZE141, redio ni ileile ya Japani: CD na FM tu, haina skrini, haina tundu la AUX, na imefungwa ekspanda kwenye waya wa antena ili ishike stesheni za huku. Spika nne, mbili mbele mbili nyuma. Sitaki kuibadilisha redio. Inafanya kazi vizuri, na upana wake wa milimita 200 unajaza dashibodi bila kuacha pengo la kuzibwa na plastiki.

Nimepata seti ya hendsfrii ya aina ya sanduku. Kuna sanduku lenyewe, maikrofoni yenye waya wa kama mita mbili, kitufe cha kupokea na kukata, na fungu la waya: nyekundu, chungwa, nyeusi, njano, na mbili za spika. Nataka sauti ya anayepiga itoke kwenye spika za gari, na redio inyamaze simu ikiingia. Njia yangu ya kila wiki ni Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe. Siwezi kusimama kila simu inapolia, na kushika simu gari likitembea ni faini ya shilingi 2,000.

Maswali yangu:

1. Fundi mmoja amenishauri nichukue waya mmoja tu wa spika, halafu ule mwingine wa seti niufunge kwenye bodi ya gari, kwa kuwa "hasi ni hasi". Ni sawa?
2. Waya wa njano umeandikwa myuti, yaani wa kunyamazisha redio. Nyuma ya redio sioni mahali pa kuuingiza. Niuache?
3. Gari hulala Mokowe siku nne au tano mimi nikivuka kwenda Amu (Lamu). Nimeijaribu seti kwa kuunga nyekundu na chungwa pamoja kwenye waya wa betri wa redio. Imewaka vizuri, lakini safari iliyopita gari lilikataa kuwaka. Betri ni NS40 ya 35Ah, haijamaliza mwaka. Je, seti ndiyo inayoila?

FundiWaya_Muyeye

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na swali la kwanza, kwa sababu hilo ndilo linaloua redio.

Usifunge waya wowote wa spika kwenye bodi. Hasi ya spika katika redio hizi si athi, yaani si hasi ya bodi. Chipu ya ampu (kikuza sauti) iliyo ndani husukuma waya zote mbili za spika: mmoja ukipanda, wa pili unashuka, na spika inakula tofauti iliyo kati yao. Hakikisha mwenyewe kwa mita. Washa redio, sauti iwe chini kabisa, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi, nyekundu kwenye waya mmoja wa spika. Utasoma karibu volti 6, yaani nusu ya betri. Hamia waya wa pili wa spika hiyohiyo: karibu 6 tena. Sasa fikiria waya wenye volti 6 ukiukandamiza kwenye bodi. Hiyo ni shoti ya matokeo ya ampu. Chipu nyingine hujikinga na kunyamaza hadi uondoe shoti. Nyingine huungua, na upande huo wa redio hausikiki tena.

Kosa la pili, ambalo nalo ni la kawaida, ni kuzisokota waya za spika za seti juu ya waya za spika za gari bila kukata kitu, redio na seti zikachangia spika moja. Zikiwa zimelala, zote mbili zinaonekana salama. Simu ikiingia, ampu ya seti inasukuma spika na pia inasukuma matokeo ya redio, na redio nayo inaisukuma seti. Sauti inakuwa nyembamba na ya kukwaruza, kisha kimoja kinakufa. Spika lazima ihamishwe nzima, waya zote mbili, kutoka kwenye redio hadi kwenye seti na kurudi. Hiyo ndiyo kazi ya rilei, swichi inayogeuzwa kwa umeme.

Rangi za Toyota hizi hapa. Mita ndiyo yenye neno la mwisho, maana magari haya yamepita mikono mingi kabla ya kufika kwako:

Plagi kubwa ya pini 10: buluu yenye mstari wa njano ni betri ya moja kwa moja, kijivu ni ACC, inayopata umeme ufunguo ukizungushwa, kahawia ni athi, kijani iliyokolea ni taa za redio. Spika ya mbele kulia: kijani hafifu chanya, buluu tupu hasi. Mbele kushoto: waridi chanya, zambarau hasi.

Plagi ndogo ya pini 6 ni ya spika za nyuma. Kulia ni nyekundu chanya na nyeupe hasi, kushoto ni nyeusi chanya na njano hasi.

Angalia hapo vizuri: nyekundu na nyeusi kwenye plagi ndogo ni *spika*, si umeme. Ukiingia na mazoea ya "nyekundu betri, nyeusi bodi", umeshaharibu.

Usikate waya za gari. Nunua jozi ya waya za kuunganishia za Toyota, pini 10 na pini 6, dume na jike. Upande mmoja unaingia kwenye redio, mwingine kwenye plagi ya gari, na katikati ndipo unapofanya kazi yako yote mezani, ukiwa umekaa, si kwa kujikunja chini ya dashibodi. Siku ukitaka kuuza gari unachomoa jozi, redio inarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Seti peleka kwenye spika ya mbele kulia, upande wa dereva. Kabla ya kuunga, chomoa plagi na upime kati ya kijani hafifu na buluu: spika ya omu 4 husoma 3.2 hadi 3.8 kwenye mita. Kisha pima kila mmoja dhidi ya bodi. Mita isisome kitu. Ikisoma, kuna waya uliochubuka mlangoni, kwenye ule mpira wa bawaba unaokunjwa kila siku, na huo utengeneze kwanza.

Rilei inayofaa ni ndogo ya volti 12, pini 8, yenye swichi mbili ndani. Pini mbili za katikati (kila swichi ina yake) ziende kwenye spika. Pini zinazogusana rilei ikiwa imelala ziende kwenye redio. Pini zinazogusana rilei ikiamka ziende kwenye seti. Ukiunga hivyo, hata seti ikifa, redio yako itaendelea kusikika kama kawaida.

Kuhusu betri, ndiyo, seti inaila. Nyekundu na chungwa za seti hazikai pamoja. Nyekundu ni ya kumbukumbu, iende kwenye buluu/njano. Chungwa ndiyo inayoiambia seti "gari limewashwa, amka", nayo iende kwenye kijivu. Ukiziunga pamoja kwenye betri, seti haina namna ya kujua kwamba umeshuka garini, kwa hiyo inakesha. Tena ukiwa karibu na gari simu yako itabaki imeungana nalo: mtu anapiga, wewe uko kibarazani, sauti inatoka garini.

mpwani_gede

Fundi kamaliza mengi. Niongeze la myuti.

Redio hiyo haina mlango wa myuti, kwa hiyo waya wa njano hauna pa kuingia, lakini usiuache. Katika seti nyingi waya huo hushuka na kuwa athi simu ikiingia, na ukiwa umelala hauna chochote. Njia fupi ni kuutumia kuamsha rilei itakayokata kijivu, ile ACC ya redio. Simu ikilia, redio inazimika yote, mbele na nyuma. Simu ikiisha inawaka na kurudi ilipokuwa, kwa sababu kumbukumbu iko kwenye buluu/njano ambayo hukuigusa. Rilei moja, waya mbili, basi.

Na kwa wanaosoma wakifikiria kale kadude ka FM ka kuchomeka kwenye soketi ya sigara: kanatuma kati ya 87.5 na 108, wakati redio ya Japani ya umri huo inaishia 90. Bila ekspanda una kipande cha 87.5 hadi 90 tu. Ukiwa na ekspanda inayoshusha masafa kwa 14, ukiweka kadude kwenye 100.0 redio unaitafuta 86.0, na hapo unagombana na stesheni yoyote iliyo jirani. Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, nafasi iliyokuwa tupu mjini inaweza kuingiliwa njiani. Kwa simu tatizo kubwa zaidi ni maikrofoni: iko chini karibu na gia, mbali na mdomo, inasikia goti na upepo kabla ya kukusikia wewe. Mwenye sanduku tayari hana haja nako.

nahodha_barani

Shukrani nyingi, mafundi. Nimepima leo alasiri kama mlivyosema, na haya ndiyo niliyopata:

Kijani hafifu na buluu: 3.6. Kila mmoja kwa bodi: hakuna kitu.
Redio ikiwa imewaka, kila waya wa spika kwa bodi: 5.9 na 6.0.
Waya wa njano wakati wa simu: 0 kwa bodi. Ukiwa umelala, mita inayumbayumba tu.
Gari limezimwa, mita ya ampea kwenye hasi ya betri, seti ikiwa bado imeungwa vile nilivyofanya mwanzo: 0.31.

Rilei niliyo nayo nyumbani ni ile ya kawaida ya taa za mbele, pini 5, nyeusi. Inafaa kwa kukata kijivu? Na je, ni lazima nitoe hasi ya betri kabla ya kuchomoa redio?

mwanaelektroniki_shella

Ndugu nahodha, vipimo vyako ni safi na vinajibu mengi.

Hiyo 0.31 ndiyo iliyokukwamisha Mokowe. Ampea 0.31 kwa saa 24 ni 7.4Ah (ampea-saa) kwa siku. Betri ya 35Ah haihitaji kuisha yote ili gari ligome. Ikipoteza nusu, stata haizunguki kwa nguvu ya kutosha, na nusu hiyo unaipoteza siku mbili na kitu. Ukihamisha chungwa kwenye kijivu rudia kipimo, na uvumilie: funga milango, ngoja dakika kama kumi na tano gari litulie, ndipo usome. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa bado imeungwa kwenye betri. Stata inavuta mamia ya ampea na fyuzi ya mita haitasalimika. Gari zima likiwa limelala lisizidi miliampea 50. Hiyo ni 1.2Ah kwa siku, na siku tano ni 6Ah, betri nzima inastahimili.

Rilei ya taa za mbele usiitumie kwenye waya wa njano moja kwa moja. Pima koili yake (waya uliozungushwa ndani, unaoiamsha rilei) kati ya pini 85 na 86: utapata karibu omu 85. Volti 12 kugawanya kwa 85 ni miliampea 140. Waya wa myuti ndani ya seti ni transista ndogo (swichi ya kielektroniki) iliyokusudiwa kuiambia redio nyingine "nyamaza", haikukusudiwa kuvuta koili. Rilei ndogo ya pini 8 ina koili ya karibu omu 400, yaani miliampea 30. Hata hizo, mimi ningeweka transista katikati, kwa sababu utahitaji rilei zaidi ya moja. Nitaeleza kwa nini.

Namheshimu ndugu wa Gede, lakini kwa matumizi ya kila siku sikubaliani na kukata kijivu. Redio ya CD ikikatwa ACC husimamisha diski, na ikirudi inaisoma upya, sekunde kadhaa kila simu. Kwenye barabara yenye mtandao wa kukatikakatika kama kati ya Garsen na Witu, simu moja inakuwa simu tatu. Redio za skrini ndizo mbaya zaidi, zinaanza upya kabisa. Na ukisahau kuweka dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) juu ya koili, mshtuko wa koili unapita karibu na ACC kila mara. Ni bora kunyamazisha spika zenyewe.

Nayo si kazi kubwa. Kwa kuwa redio inasukuma waya zote mbili, ukikata *mmoja* tu spika inanyamaza, na redio haioni shoti, inaona tu waya mtupu, ambao hauidhuru. Hesabu ya swichi ni hii: spika ya dereva inahitaji mbili kwa sababu inahama. Mbele kushoto, nyuma kulia na nyuma kushoto, moja kila spika. Jumla tano. Rilei tatu za swichi mbili zinakupa sita, moja inabaki.

Rilei ya kwanza: kama alivyoeleza Fundi, kijani hafifu na buluu zinahama kati ya redio na seti.
Rilei ya pili: inakata nyekundu na nyeusi za plagi ndogo, yaani chanya za nyuma.
Rilei ya tatu: inakata waridi.

Zote za pili na tatu ziunge kwenye pini zinazogusana rilei ikiwa imelala, ili bila simu redio ipite kawaida.

Koili tatu ni miliampea 90. Chukua transista BC327. Ukiitazama upande bapa, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Emita iende kwenye kijivu kupitia fyuzi ya 1A. Besi iende kwenye waya wa njano kupitia rezista ya kilo-omu 1. Kati ya besi na emita weka rezista ya kilo-omu 10. Hiyo ndiyo inayoituliza transista waya wa njano ukiwa umelala na kuyumbayumba kama ulivyouona kwenye mita, la sivyo rilei zitakuwa zinatetemeka ovyo. Kolekta iende kwenye upande mmoja wa koili zote tatu, na upande wa pili wa koili uende kahawia. Juu ya koili weka dayodi moja 1N4007, mstari wake mweupe ukitazama kolekta. Ukiigeuza dayodi, umeme wote unapita ndani yake simu ya kwanza ikiingia, na BC327 inapasuka.

Vipande vyote vinakaa kwenye kibao cha ukubwa wa kiberiti viwili.

Kuhusu hasi ya betri: kwa redio yako isiyo na skrini, toa bila wasiwasi, utapoteza saa na stesheni ulizohifadhi. Wenye redio za skrini za Japani wasiige. Nyingi zikikosa umeme wa buluu/njano hujifunga, zikataka kadi ya ramani au namba ya kufungulia. Kuchomoa plagi ya nyuma ni sawa na kutoa betri, redio haitofautishi. Kama kadi ya SD ya asili haimo, usiichomoe kabisa kabla ya kuwa na namna ya kuifungua. Na wengi wa hao hawahitaji sanduku. Watazame kwanza kwenye menyu kama hamna alama ya simu au ya Bluetooth, huenda kinachokosekana ni maikrofoni tu.

mpwani_gede

Nimekubali, fundi. Hilo la simu kukatikakatika sikulipigia hesabu. Kukata ACC kubaki kwa Probox yenye spika mbili za mbele na redio tupu, huko kunatosha.

FundiWaya_Muyeye

Mchoro wa Shella ni sahihi, nahodha, ufuate. Mimi niseme kuhusu mahali pa kuweka vitu, maana huku pwani mchoro mzuri unaweza kufa kwa chumvi ndani ya miezi michache.

Kwanza, viungo. Kusokota na kufunga tepu hakufai hapa. Ukiifungua tepu ya mwaka mmoja kwenye gari linalolala karibu na maji kama jeti ya Mokowe, utaona: gundi imeyeyuka ikawa kama asali nyeusi, na shaba ndani imekuwa ya kijani na unga. Kiungo hicho kinaongeza ukinzani kidogo kidogo, sauti inaanza kukatika gari likipita kwenye tuta, na mtu anadhani seti imeharibika. Lehemu kila kiungo kwa risasi, na juu yake vuta mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Ukiupasha, gundi inachungulia kidogo pembeni mwa mpira. Ukiona hiyo, ujue hewa haitaingia. Rilei chagua zilizofungwa plastiki pande zote.

Athi ya seti usiiunge kwenye kahawia ya redio kama unaweza kuikwepa. Tafuta bolti ya bodi nyuma ya dashibodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka kiatu cha shaba kilichopakwa bati, kaza, halafu paka grisi juu. Ukikosea hapa utasikia mluzi kwenye spika unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini. Wengi hukimbilia kununua kichujio cha umeme, na dawa ni bolti.

Sanduku lisiwekwe sakafuni. Upande wa abiria kushoto ndiko maji ya kiyoyozi hudondoka bomba likiziba mchanga, na zulia linalowa bila wewe kujua. Liweke juu, nyuma ya kabati la dashibodi, lifungwe kwa tai za plastiki kwenye chuma. Gundi ya pande mbili inaachia kwa joto la gari lililoegeshwa juani siku nzima, nalo sanduku likining'inia linavuta waya zake.

Redio ya NZE141 inatoka kwa kuvuta kwanza fremu yake ya plastiki, inashikwa na klipu. Tumia kijiti cha plastiki, bisibisi itaacha kovu. Kisha bolti nne za namba 10. Weka kitambaa juu ya gia, redio itatua hapo.

Maikrofoni ndiyo nusu ya kazi, na watu huibandika popote. Iweke juu, kwenye kona ya kinga-jua ya dereva au ukingo wa dari karibu na nguzo ya kioo cha mbele, sentimita 30 hadi 45 kutoka mdomoni, ikikutazama. Si juu ya dashibodi: hapo inapigwa na hewa ya kiyoyozi, na sauti ya spika inagonga kioo cha mbele na kurudi ndani ya maikrofoni. Waya wake uushushe kwenye nguzo. Kama nguzo imeandikwa SRS, kuna mfuko wa hewa ndani: pitisha waya *nyuma* ya mfuko, uufunge kwenye fungu la waya za asili kwa tai, usiupitishe mbele wala kuuzungusha, maana mfuko ukifunguka utaurusha usoni. Na plagi za rangi ya njano usizichomoe wala kuzigusa kwa testa ya taa, ni za mifuko ya hewa.

Usipitishe waya wa maikrofoni sambamba na ule wa mota ya feni. Vikikutana, vikatane kwa msalaba.

nahodha_barani

Nimefunga. Kibao kimefanya kazi mara ya kwanza. Simu ikiingia naisikia rilei ikigonga taratibu nyuma ya redio, spika tatu zinakata, ya kwangu inalia. Chungwa iko kwenye kijivu sasa, na kipimo cha gari likiwa limelala ni miliampea 22. Mungu awazidishie.

Limebaki moja. Ninaoongea nao wanasema wanasikia sauti yao wenyewe ikirudi, hasa nikiwa na vioo wazi. Mimi ninawasikia vizuri kabisa. Maikrofoni iko kwenye kinga-jua.

mwanaelektroniki_shella

Ukiwasikia vizuri wewe, na wao wanajisikia, basi sauti inatoka spikani kwako na kuingia maikrofoni yako. Seti ina hesabu yake ya kufuta mwangwi, lakini inashindwa spika ikiwa na nguvu kuliko mdomo wako. Vioo wazi vinakufanya upandishe sauti ya simu, na hapo ndipo inapozidi.

Fanya hivi kwa mpangilio. Teremsha sauti *ukiwa ndani ya simu*, si kwa kitufe cha redio, maana redio wakati huo haimo. Shusha hatua moja moja huku mtu akiwa kwenye laini, mpaka akwambie mwangwi umekwisha. Mara nyingi ni hatua mbili au tatu. Kama bado, angalia pia sauti ya simu yenyewe. Simu nyingine zina kiwango chao cha Bluetooth, vyote viwili vikiwa juu kabisa sauti inaanza kukwaruza, na sauti iliyokwaruzika seti haiwezi kuifuta. Weka ya simu karibu na robo tatu, urekebishe kwa seti.

Kisha maikrofoni. Nyingi zina matundu upande mmoja tu, na ukibandika vibaya yanatazama kioo. Yageuze yatazame mdomo wako, na usisukume kipande chake ndani ya kitambaa cha kinga-jua. Kwa vioo wazi, kipande cha sponji chembamba juu ya matundu kinapunguza upepo bila kuziba sauti. Kioo cha dereva kikiwa wazi, hamisha maikrofoni upande wa kioo cha kati cha kutazamia nyuma, utaipa upepo mgongo.

Jaribio la mwisho lifanye injini ikiwa inazunguka, feni namba mbili, vioo vimefungwa, halafu tena vioo wazi ukienda 60. Kama kwenye la kwanza hakuna mwangwi na kwenye la pili upo, usiguse waya wowote tena. Hatua moja zaidi chini kwenye sauti ya simu, na kioo cha dereva kipande nusu.